Kuku Mgeni na Kamba Yake: Historia ya Banda la Kuku Wazazi Tanzania Ikitazamwa kutoka Mjimwema, Songea

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya banda la kuku wazazi, yaani kuku wanaofugwa kibiashara ili watoe mayai ya kutotolesha, nchini Tanzania tangu uhuru. Historia hiyo inatazamwa kutoka Mjimwema, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, mahali palipo mbali na vituo vikuu vya kutotolesha vifaranga. Mahitaji matano ya banda hilo yanafuatiliwa: ukoo wa kuku, chakula, barabara, umeme na idhini ya dola. Inabainishwa kwamba mahitaji manne kati ya hayo yalifika Songea kwa nyakati tofauti na kwa mikono tofauti, lakini ukoo wa kuku umebaki nje ya mkoa na, kwa sehemu kubwa, nje ya nchi. Hoja kuu ni kwamba kufuga kuku mzazi na kumiliki uzao wake ni mambo mawili, na kwamba mijadala ya kujitegemea kwa vifaranga imekuwa ikiyachanganya.

1.0 Utangulizi

Jina la Mjimwema linajirudia katika ramani ya Tanzania. Liko Kigamboni jijini Dar es Salaam, liko Njombe, na liko Songea. Mjimwema inayohusika hapa ni hii ya mwisho, kata ya mji ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Umbali huo ndio sababu ya kuichagua. Mfugaji aliye karibu na kituo cha kutotolesha hufuata kifaranga wa siku moja asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya jua kali. Mfugaji wa Songea hupokea boksi lililosafiri, na swali la mahali alipo mama wa kifaranga huyo humgusa mfukoni.

Masimulizi ya ufugaji wa kuku kibiashara kwa kawaida huanza na kifaranga. Hueleza namna ya kumpokea, kumpa joto, kumchanja na kumlisha hadi siku ya kuuzwa. Kinachotangulia kifaranga huachwa gizani, kana kwamba mashine ya kutotolesha ndiyo iliyotaga yai. Nyuma ya kila kifaranga kuna banda lenye mitetea na majogoo waliochaguliwa kwa kazi hiyo, na nyuma ya banda hilo kuna ukoo ulioundwa kwa miaka mingi. Anayeshika banda hilo ndiye anayeamua ni vifaranga wangapi watakuwapo, watapatikana lini na kwa bei gani.

Methali ya Kiswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa kawaida methali hiyo hutumika kwa watu, kuonyesha kwamba mgeni hutambulika kwa dalili ya ugeni wake. Katika insha hii inachukuliwa kama swali la kihistoria juu ya kuku mwenyewe: kamba ya kuku mzazi wa kibiashara imefungwa mguuni na nani, na ncha ya pili imeshikwa wapi?

2.0 Mtetea anayetamia na mtetea asiyetamia

Kuku ni mkazi wa zamani wa Afrika Mashariki. Alikwishakuwapo pwani kabla ya mwaka 1000 BK, na kutoka huko na kwa njia nyingine akaenea bara. Katika kaya za Ungoni, kama kwingineko, mtetea wa asili alifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Alitaga mayai yapatayo 10 hadi 15, akayatamia kwa siku 21, kisha akawalea vifaranga akiwafundisha kuchakura na kujificha mwewe apitapo. Kwa mfumo huo hapakuwa na haja ya banda la kuku wazazi, kwa kuwa kila kuku mwenye afya alikuwa mzazi. Adui mkubwa alikuwa kideri, ugonjwa uitwao pia mdondo, ambao uliweza kufagia uwanja mzima kwa siku chache. Hata hivyo, baada ya maafa mwenye kaya aliweza kuanza upya kwa mtetea mmoja kutoka kwa jirani. Uzao ulikuwa mali ya kijiji.

Ufugaji wa kibiashara ulizigawa kazi hizo tatu. Wamisri wa kale walikwishatenganisha kutaga na kutamia kwa kujenga majengo ya kutotolesha yaliyopashwa moto, lakini mgawanyo kamili ni wa karne mbili zilizopita. Mwaka 1892 Joseph Wilson wa Stockton, New Jersey, nchini Marekani, alisafirisha vifaranga wa siku moja kwa reli hadi Ohio. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya kimaumbile: kifaranga huanguliwa akiwa bado na akiba ya kiini tumboni, na akiba hiyo humwezesha kuishi muda wa saa 72 hivi bila chakula wala maji. Saa hizo 72 ndizo zilizozaa biashara nzima. Kwa kuwa kifaranga aliweza kusafiri, mama yake hakulazimika tena kuwa karibu.

Baada ya umbali kuja ugonjwa. Mwaka 1900 Leo Rettger alieleza ugonjwa wa kuharisha nyeupe kwa vifaranga, na baadaye ikafahamika kuwa bakteria wake hupita kutoka kwa mtetea kwenda kwa kifaranga kupitia yai. Ugunduzi huo ulibadili maana ya kuku mzazi. Tangu hapo mtetea mmoja mgonjwa katika banda la wazazi alihesabiwa kuwa hatari kwa mabanda mengi yasiyomfahamu. Mwaka 1935 Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa kupima damu ya kuku wazazi na kuyathibitisha mabanda yao. Tabia ya kumtazama kuku mzazi kama jambo la dola, na si la mfugaji peke yake, ina mizizi yake hapo.

Hatua ya tatu ilihusu ukoo. Henry A. Wallace wa Iowa alianzisha kampuni ya mbegu chotara za mahindi mwaka 1926, na mwaka 1936 mbinu ileile ikahamishiwa kwa kuku kupitia kampuni ya Hy-Line. Koo safi hutunzwa mbali mbali, kisha huchanganywa ili mtoto awazidi wazazi. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anaifahamu kanuni hiyo vizuri kutokana na mahindi: mbegu chotara huzaa sana msimu wa kwanza, lakini punje zake zikirudishwa shambani mazao hupungua na kutofautiana. Kuku chotara naye yuko hivyo. Mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 yaliipa mbinu hiyo soko la nyama, na taratibu koo zikakusanyika mikononi mwa kampuni chache. Leo majina kama Cobb na Ross yanatawala kuku wa nyama duniani. Mfugaji wa kuku wazazi huuziwa mitetea ya ukoo mmoja na majogoo ya ukoo mwingine. Hauziwi kile ambacho kingemwezesha kuwazalisha tena.

3.0 Banda lenyewe na madai yake

Ili kufahamu kwa nini banda hilo lilichelewa kufika mbali, inafaa kulieleza. Chukuliwe kwa mfano banda la mitetea 500 wa kuku chotara na majogoo 50, yaani jogoo mmoja kwa mitetea kumi. Kwa muda wa miezi sita hivi ya mwanzo kuku hao hula bila kutoa yai. Kila mmoja akila wastani wa kilo 10 katika kipindi hicho, banda limemeza tani 5.5 za chakula kabla ya kuingiza shilingi. Tena hawalishwi kwa kushiba ovyo. Mtetea mzazi aliyenenepa hutaga kidogo, na jogoo aliyenenepa hushindwa kupanda. Kwa hiyo chakula hupimwa, kuku hupimwa uzito kila wiki, na walio nyuma hutengwa wafikie wenzao.

Utagaji ukianza, huendeshwa kwa mwanga. Kuku huhitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku ili watage vizuri, ilhali mchana wa Songea hauondoki mbali na saa 12 mwaka mzima. Saa zinazopungua hutoka kwenye taa. Mayai huokotwa mara nne au zaidi kwa siku kutoka kwenye viota vyenye maranda safi, kwa sababu yai lililotagwa sakafuni huchukua uchafu, na ganda la yai lina matundu madogo yanayopitisha vijidudu. Mayai yenye nyufa, yaliyopinda, makubwa kupita kiasi au madogo mno huondolewa. Yaliyobaki huhifadhiwa mahali penye nyuzijoto 15 hadi 18 za Selsiasi, ncha nyembamba ikielekea chini, na ni vema yaingie kwenye mashine kabla ya siku saba kupita. Kila siku inayozidi hupunguza uwezo wa yai kuanguliwa.

Kwa mfano uleule, mitetea 500 ikitaga kwa asilimia 65 hutoa mayai 325 kwa siku. Yakiondolewa yasiyofaa, yapatayo moja katika kila kumi, hubaki mayai 290 hivi, au takriban 2,000 kwa wiki. Asilimia 75 yakianguliwa, hupatikana vifaranga 1,500 kwa wiki. Kwenye mashine yai hukaa siku 21 katika joto linalokaribia nyuzi 37.5, likigeuzwa mara kwa mara hadi siku ya 18, ndipo huhamishiwa sehemu ya kuangulia. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kazi ya wiki tatu za banda huharibika usiku mmoja, na asubuhi hubaki mayai viza.

Hapa ndipo tofauti ya banda hili na mabanda mengine inapoonekana. Mwenye kuku wa mayai ya kula akikosa mnunuzi leo, humtafuta kesho. Mwenye kuku wazazi hana kesho nyingi. Yai lake la thamani hugeuka kuwa yai la kawaida baada ya siku chache, na kifaranga wake asipopata mnunuzi ndani ya saa 72 hugeuka kuwa hasara inayolia. Banda hilo linadai soko lenye uhakika wa kila wiki, chakula kisichobadilika, umeme usiokatika na barabara inayopitika masika na kiangazi. Madai hayo si ya ufundi wa mfugaji peke yake. Ni madai juu ya historia ya mahali.

4.0 Dola kama mfugaji wa kuku wazazi

Mwishoni mwa ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya uhuru, njia iliyopendelewa ya kuboresha kuku wa vijijini ilikuwa kusambaza majogoo ya kigeni, kama vile Rhode Island Red, Light Sussex na Black Australorp. Jogoo mmoja aliachwa uani apande mitetea ya asili, na watoto wakatarajiwa kuwa wakubwa zaidi. Njia hiyo ilikuwa na heshima fulani kwa mfumo wa zamani, kwani iliacha kazi ya kutamia na kulea kwa mtetea wa nyumbani. Udhaifu wake ulikuwa kwamba jogoo huyo aliingia uwanja uleule wenye kideri na chakula kichache, na kizazi kilichofuata kilirudi polepole katika hali ya kwanza.

Mwelekeo mwingine ulionekana Kibaha. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa huko mwaka 1963 ulijumuisha shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, na ufugaji wa kuku ukawa miongoni mwa shughuli zilizofundishwa wananchi. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Uchaguzi wa mahali ulifaa: Kibaha iko kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, penye bandari, uwanja wa ndege na walaji. Bila kukusudiwa, uchaguzi huo uliweka pia kanuni ya kijiografia iliyodumu kwa muda mrefu, kwamba mama wa kifaranga wa Tanzania huishi karibu na Pwani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, mifugo iliwekwa chini ya mashirika ya umma. Kampuni ya Taifa ya Kuku, iliyofahamika kwa kifupi cha NAPOCO, ilipewa jukumu la uzalishaji wa kuku na vifaranga, kama NARCO ilivyopewa ranchi za ng'ombe. Kwa mara ya kwanza kuku mzazi alikuwa na mwajiri wa taifa. Lengo halikuwa dogo: vifaranga wagawiwe mikoani kama mbegu na mbolea zilivyogawiwa.

Mfumo huo ulibanwa na mambo ambayo banda la kuku wazazi haliyavumilii. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha uingizaji wa bidhaa. Mbegu ya kuku ilitoka nje, chanjo zilitoka nje, viini lishe vya chakula vilitoka nje, na vipuri vya mashine vilitoka nje. Shirika linaloweza kusubiri lori la saruji kwa miezi mitatu haliwezi kumsubirisha mtetea. Kuku mzazi hutaga kwa mwaka mmoja hivi kisha hubadilishwa, na asipopatikana wa kumrithi banda hubaki kuta. Kwa hiyo kudhoofika kwa uzalishaji wa umma hakuelezeki kwa uzembe wa watumishi peke yake, kama inavyosemwa mara kwa mara. Dola ilimiliki mabanda, lakini haikumiliki ukoo, na fedha za kuununua ukoo zilipokosekana umiliki wa mabanda haukusaidia.

5.0 Songea: nafaka, barabara na umeme

Wakati hayo yakitokea karibu na Pwani, Songea ilikuwa ikikusanya mahitaji mengine ya banda bila kujua. La kwanza lilikuwa chakula. Katika miaka ya 1970 na 1980 Ruvuma ilijitokeza pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyowekwa na serikali, ilimfanya mkulima wa mbali asiadhibiwe kwa umbali wake, na Shirika la Taifa la Usagishaji lilibeba gharama ya kuyasafirisha. Ruvuma inalima pia soya, zao ambalo pamoja na mahindi ndilo moyo wa chakula cha kuku duniani. Banda la mfano lililoelezwa, lenye kuku 550 wanaokula gramu 130 kila mmoja, huhitaji kilo 71 hivi kwa siku, karibu nusu tani kwa wiki. Sehemu kubwa ya nusu tani hiyo inaweza kulimwa ndani ya mkoa. Hata hivyo nafaka iliondoka Songea kama nafaka.

La pili lilikuwa barabara. Reli haikufika Songea. Mpango wa karanga wa miaka ya 1940 ulileta reli ya kusini kutoka Mtwara hadi Nachingwea, lakini hata hiyo iling'olewa mapema miaka ya 1960. Kwa muda mrefu safari ya kuelekea kaskazini katika masika ilikuwa ya kubahatisha, na saa 72 za kifaranga hazikuwa na nafasi katika bahati hiyo. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza na kukamilika katikati ya miaka ya 1980, ndiyo iliyouingiza mji huu katika eneo ambalo kifaranga anaweza kulifikia akiwa hai. Tangu hapo boksi la vifaranga 100 liliweza kupanda basi. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba barabara ina pande mbili. Barabara ileile iliyowezesha kifaranga kufika Songea ilipunguza pia haja ya kumzalisha Songea.

La tatu, lililochelewa kuliko yote, lilikuwa umeme. Kwa miongo kadhaa mji wa Songea ulitegemea majenereta ya dizeli, ukiwa nje ya gridi ya taifa, na mgao ulikuwa sehemu ya maisha. Mfugaji aliyetaka kutotolesha alilazimika kutumia mashine ndogo za taa ya mafuta au kuendelea kumtegemea mtetea. Nafuu ya kwanza ilitoka mahali pasipotarajiwa: Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, Chipole, walijenga mtambo wa maji wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ulioanza kuliuzia shirika la umeme mwaka 2015. Kisha mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita 250 hivi na vituo vya kupozea umeme Madaba na Songea, iliuunganisha mji na gridi ya taifa kwa ufadhili uliohusisha Sweden. Kwa mtu wa kawaida tukio hilo lilimaanisha taa na mashine za kusaga. Kwa historia inayofuatiliwa hapa lilimaanisha kwamba siku 21 za joto lisiloyumba, na saa za ziada za mwanga bandani, ziliwezekana Mjimwema kama zilivyowezekana Kibaha nusu karne kabla.

6.0 Soko, mpaka na moto

Kufikia wakati huo mwenye kuku wazazi alikwishabadilika. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, uliiondoa dola katika ufugaji wa kuku na kuacha nafasi kwa kampuni. Interchick na Mkuza Chicks ni miongoni mwa majina yaliyozoeleka kwa wafugaji, na yote mawili yaliendeleza ile kanuni ya kukaa karibu na Dar es Salaam. Badiliko la kijiografia lililo muhimu zaidi kwa Songea lilitokea Iringa katika miaka ya 2010, pale Silverlands Tanzania ilipoweka mabanda ya kuku wazazi wa Sasso, kituo cha kutotolesha na kiwanda cha chakula kinachotumia mahindi na soya. Kwa mara ya kwanza mama wa kifaranga wa kibiashara alikaa kwa wingi ndani ya Nyanda za Juu Kusini, penye nafaka. Umbali kutoka Songea ulipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa bado unazidi kilomita 400.

Aina ya kuku nayo ilibadilika. Mradi wa utafiti uliojulikana kama ACGG, ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya ILRI na kutekelezwa pia Ethiopia na Nigeria, ulishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania kuwajaribu Kuroiler na Sasso katika kaya za vijijini. Kuroiler aliundwa India na Sasso Ufaransa, na AKM Glitters ikawa msambazaji wa Kuroiler nchini. Kuku hawa huhimili mazingira ya uani kuliko kuku wa nyama wa kisasa na hukua haraka kuliko wa asili. Kwa sababu hiyo walikubalika upesi, na mahitaji ya mayai ya kutotolesha yakapanda hata katika miji ya mbali.

Dola, iliyokuwa imeacha kufuga, ilirudi kwa mlango wa mpaka. Homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Nigeria mwanzoni mwa mwaka 2006, Tanzania ilizuia uingizaji wa kuku na vifaranga kutoka nje, ikiegemea mamlaka yaliyomo katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Zuio hilo lilikuwa la afya ya wanyama, lakini athari yake ilikuwa ya kiuchumi pia: lilimpa mwenye banda la kuku wazazi ndani ya nchi kinga ambayo NAPOCO haikuwahi kuipata. Uzito wake ulionekana Oktoba 2017, pale vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walipokamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Tukio hilo lilizua mjadala mkali pande zote mbili za mpaka, wengine wakilitazama kwa jicho la huruma kwa wanyama, wengine kwa jicho la ujirani wa Afrika Mashariki, na serikali ikisisitiza hatari ya ugonjwa.

Kwa insha hii, moto wa Namanga unafunua jambo moja. Vifaranga hao waliitwa wa Kenya, na waliototoleshwa Kibaha au Iringa huitwa wa Tanzania. Uraia huo unatokana na mahali banda lilipo. Ukiulizwa ukoo, jibu hubadilika, kwa kuwa koo za kuku wa kibiashara wa nchi zote mbili hutoka kwa kampuni za mbegu za Ulaya, Marekani na Asia. Zuio lililinda mabanda. Halikuweza kulinda kisichokuwapo, yaani ukoo wa taifa wa kuku wa biashara.

7.0 Nani mwenye mzazi?

Huenda ikapingwa kwamba swali la ukoo ni la kinadharia mno, na kwamba mfugaji wa Mjimwema anataka kifaranga mzima kwa bei nafuu, basi. Pingamizi hilo lina nguvu. Nchi nyingi hununua koo kutoka nje na zina kuku wa kutosha. Kutunza koo safi kwa ajili ya uteuzi kunahitaji idadi kubwa ya kuku, kumbukumbu za vizazi na wataalamu kwa miongo, gharama ambayo hata nchi tajiri nyingi zimeziachia kampuni chache.

Hata hivyo historia iliyofuatiliwa inaonyesha gharama ya kutolitenganisha banda na ukoo. Miaka ya 1970 ilidhaniwa kwamba dola ikijenga mabanda itajitegemea. Uhaba wa fedha za kigeni ukaonyesha kamba ilipofungwa. Baada ya 2006 ilidhaniwa kwamba mpaka ukifungwa nchi itajitegemea. Lakini kila mwaka mabanda yanapobadilisha kuku, oda huenda nje. Na leo, mji wenye mahindi, soya, barabara na umeme unaweza kudhani kwamba mjasiriamali akinunua mashine kubwa ya kutotolesha tatizo limekwisha. Mashine hiyo itamngoja yai, na yai litamngoja mtetea ambaye uzao wake hauuzwi.

Vilevile kuna hatari iliyo karibu zaidi. Pale mayai ya kuku wazazi yanapokosekana, mwenye mashine huvutwa kukusanya mayai ya kuku chotara waliochanganyika na majogoo yoyote. Vifaranga hupatikana, ila ukuaji wao hutofautiana, na kama mitetea haikupimwa magonjwa yapitayo kwenye yai husambazwa kwa jina la biashara. Hasara hiyo haionekani siku ya kuuza. Huonekana wiki ya sita, kwenye uwanja wa mnunuzi, ambaye mara nyingi ni mama aliyeweka akiba ya mavuno ya mahindi ndani ya boksi moja la vifaranga.

8.0 Hitimisho

Imebainika kwamba mahitaji ya banda la kuku wazazi yaliifikia Songea kwa mpangilio usiotokana na kuku: chakula kwa sera ya mahindi, barabara kwa msaada wa Uingereza, umeme kwa juhudi za masista wa Chipole na kisha gridi ya taifa, na kinga ya soko kwa hofu ya mafua ya ndege. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholetwa kwa ajili ya mtetea, lakini kwa pamoja vimefanya banda lake liwezekane Mjimwema kwa namna ambayo haikuwezekana kizazi kimoja nyuma. Kilichobaki nje ni ukoo.

Matokeo haya yanaelekeza utafiti ujao sehemu mbili. Ya kwanza ni historia ya mikoa iliyo mbali na vituo vya kutotolesha, ambako bei ya kifaranga ni rekodi ya barabara, umeme na sera kwa pamoja. Ya pili ni kuku wa asili mwenyewe, ambaye katika masimulizi ya maendeleo amekuwa akitajwa kama kitu cha kubadilishwa. Kwa mtazamo wa insha hii, yeye ndiye kuku pekee nchini ambaye bado anamiliki kazi zote tatu za uzazi, na ndiye pekee ambaye uzao wake unaweza kurudishwa uwanjani bila kuagizwa. Ukoo wa taifa, ukitafutwa siku moja, hautaweza kuanza mbali naye. Kabla ya kuamua nani atajengewa banda lijalo la kuku wazazi, ni busara kwa watunga sera kuuliza kwanza kamba ya kuku huyo itashikwa na nani.